Kofia Juu ya O

Asende, fundi cherehani wa Kibirizi,
aliniambia: "Sista, Kifaransa unacho tayari,
kimelala ndani ya Kiingereza chako cha kidato cha nne
kama sarafu ndani ya bitana ya koti kuukuu.
Mimi napasua bitana tu."

Nikanunua daftari la kaunta, kwaya mbili,
nikaligawa kwa rula, kushoto na kulia.
Nation, nation. Question, question. Patience, patience.
Maandishi yale yale.
"Tamka kama umeshikwa na mafua," alisema, pini mdomoni,
na mteja wa suruali akacheka mpaka akachomwa paja.

Usiku wa zamu, jenereta likikohoa nyuma ya jiko,
nilihesabu: mia mbili na kumi kwa wiki tatu!
Nikajiona tajiri, mimi binti Bitariho wa Kasulu,
niliyenyonya Kiha, nikakaribishwa Kiswahilini,
nikachapwa kwa ajili ya Kiingereza,
leo lugha ya nne naipata kwa mkopo usio na riba.

Ndipo akanionyesha hôpital.
"S iko wapi?"
"Ilikuwepo. Watu wakachoka kuitamka, ikaenda zake.
Hiyo juu ya o ni kofia yake.
Si unajua mtu akiacha kofia kwenye kiti?"
Nikawa mwindaji wa kofia. Forêt:
niliirudishia s yake, miti ikaota ukurasani.

Ijumaa moja boti ya Kalemie ilimleta mwalimu,
mtu wa Mbuji-Mayi, Kiswahili chake haba,
taya limefungwa bandeji mpaka utosini;
kamba ya injini ilikatika, ikamchapa.
Barua ya rufaa ilikuwa mistari miwili
nami nikaruka moja kwa moja kwenye neno nilijualo: blessé.
"Wameandika amebarikiwa," nikamwambia Skola.
Skola akaitazama damu iliyokauka kwenye kola.
"Baraka gani hizi?"

Mgonjwa akaomba kalamu kwa vidole. Akaandika: pain.
Hilo hata mtoto wa darasa la tano analijua!
Nikaleta panadoli mbili, nimezisaga, kwenye kijiko.
Akameza. Akaandika tena: pain.
Nikamwita daktari. Sindano.
Akaipokea kwa adabu ya mgeni
asiyetaka kumuudhi mwenyeji.
Mara ya tatu hakuandika, alichora:
umbo refu, mgongo wa mviringo,
michirizi mitatu juu, na kando yake kikombe.

Mkate.
Mtu alikuwa na njaa tangu ng'ambo ya ziwa,
nami nikimpa dawa ya maumivu.

Nikatoka mbio hadi kibanda cha getini,
nikauloweka kwenye chai ya maziwa,
nikamlisha kwa pembe ya mdomo,
nusu ikiingia, nusu ikiteremka shingoni.
Alicheka kwa macho. Taya halikuruhusu.

Asende nilipomsimulia, hakucheka.
Alitoa mguu kwenye kanyagio.
"Blessé ni aliyejeruhiwa. Kosa langu, sista.
Katika bitana kuna sarafu, na kuna vifungo.
Gizani vidole havijui tofauti."

Sasa daftari lina safu ya tatu, ya wino mwekundu:
pain, usikimbilie kabati la dawa.
Blessé, tazama jeraha kwanza.
Rester, huyu hapumziki, anabaki.
Ukurasa haujajaa, na siuamini tena
ule urahisi wa wiki tatu za mwanzo,
ingawa nation bado ni nation
na subira, asante Mungu, ni ile ile.

Mwalimu aliruhusiwa siku ya kumi na mbili.
Kitanda namba sita kina mtu mwingine.
Ule mchoro wa mkate nimeubandika nyuma ya jalada,
na juu yake, sijui kwa nini,
nikauchorea kofia.